"Kijana, huna hata mjomba?"

Nilitoka makao ya watoto Januari, wiki chache tu baada ya kumaliza fomu foo. Nikapewa godoro, blanketi mbili, lile sanduku langu la bati la shule na nauli, matroni akanisindikiza mpaka geti, akaniambia nisisahau kuomba. Mchana sikulia. Nililia jioni nikiwa nimeshika sufuria, juu maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kusonga ugali wa mtu mmoja. Kule tulipika kwa zamu, ugali wa watu sitini, unasonga na mwiko mrefu umesimama juu ya stuli, na sasa niko na kasufuria ka kuazima kwa jirani na sijui naweka maji kiasi gani na sina mtu wa kumpigia simu nimuulize.

Watu hudhani shida yetu ni pesa. Pesa ni shida ndio, lakini kilichonimaliza mimi ni kitambulisho. Unaambiwa leta cheti cha kuzaliwa na kopi ya kitambulisho cha mzazi, na kwa chifu unaulizwa we ni wa nani, wa wapi. Nilirudi mara nne. Mara ya tatu yule mzee aliinua macho kwa fomu akaniuliza, "Kijana, huna hata mjomba?" Hakuuliza kwa ubaya, lakini nilisimama pale na barua yangu yenye muhuri nikakosa la kusema. Na bila kitambulisho huwezi kusajili laini kwa jina lako, M-Pesa hakuna, hata mjengo mwingine hawakuingizi. Mara ya nne matroni alikuja mwenyewe, na siku yake ya ofu.

Na mjomba nilikuwa naye! Nilimpata nikiwa na miaka 23, anaishi mwendo wa matatu moja tu kutoka pale nililelewa. Alijua niko makao fulani, hakuna mtu aliwahi kumwambia anaweza kuja kuniona.

Tangu hapo nasoma kila kitu napata kuhusu vijana wanaotoka malezi ya serikali au makao. Kule Marekani, mtafiti Mark Courtney na wenzake waliwafuata vijana 732 waliokuwa kwa malezi ya serikali majimbo ya Illinois, Wisconsin na Iowa kuanzia wakiwa 17 hivi mpaka wakafika 26. Illinois kijana alikuwa anaweza kubaki kwa malezi mpaka 21, kule kwingine wengi walitoka wakigonga 18 au muda mfupi baadaye, na waliobaki ndio walionekana zaidi wakiingia chuo. Mwaka wa 2008 sheria ya nchi nzima ikaruhusu majimbo kupata pesa za kuwakimu mpaka 21. Nikisoma hiyo huwa nasimama hapo kwa 732, yaani kuna mtu alikuwa anarudi kila baada ya miaka miwili mitatu kuwauliza mnaishi wapi, mnakula nini. Mimi baada ya geti hakuna aliyeniuliza.

Kenya tuna Sheria ya Watoto ya 2022, inatambua hadi kafala, ile njia ya Kiislamu ya kulea mtoto asiye wako bila kumbadilisha ukoo, na tuna mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto makao na kuwarudisha kwa familia. Naunga mkono kabisa, wengi tuliokaa huko tulikuwa na mzazi hai au ndugu mahali. Lakini makadirio ni watoto zaidi ya 40,000 wako makao, na kurudishwa nyumbani si kuwekwa kwa gari na godoro. Faili ianze na majina ya watu wa mtoto siku ile anaingia, nani ni shangazi, nani ni nyanya, wanaishi wapi, na waitwe, waje Jumapili, wamjue na awajue, ndio akifika 18 asiwe anatafuta ukoo kwa foleni ya chifu. Na akishatoka mtu amfuate, aandike alifika wapi.

Jumatatu napeleka vijana wawili waliotoka makao kwa chifu, wakatafute kitambulisho. Mmoja amenitumia meseji saa hii anauliza avae nini.