Taa Nyekundu ya Mita Haikuzima

Mwezi Mei mwaka huu niliitwa na mama mmoja mjane anayeishi Nkuhungu, hapa Dodoma, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akilalamika kwamba uniti zake zinakwisha kabla hata hajajua zimetumika wapi. Tulisalimiana kwa "Mbukwa", salamu ya Kigogo, akanipa kigoda kivulini, kisha akanitolea daftari la shule ambamo alikuwa ameandika kila tokeni aliyonunua tangu Januari, pamoja na tarehe na kiasi cha fedha. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nina taa nne, redio na friji ndogo ya kugandishia barafu ninazouza. Hebu niambie, umeme huu anakula nani?"

Mimi ni fundi umeme wa majumbani mwenye leseni, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Mara nyingi jibu lake ni pasi, jiko la umeme au friji ambayo mpira wa mlango umechoka. Siku ile nilianza kwa njia ninayoianzia siku zote, yaani kushusha mein swichi ili nyumba nzima isiwe na umeme hata kidogo, kisha nikatoka nje kuitazama mita. Kila mita ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima kadiri umeme unavyopita, na kwenye uso wa mita ile imeandikwa kwamba taa hiyo huwaka mara 1,000 kwa kila uniti moja. Mein swichi ikiwa chini, taa hiyo haipaswi kuwaka. Nilisimama pale na saa mkononi, na ndani ya dakika moja iliwaka mara tatu. Nikapima dakika ya pili na ya tatu, na hesabu haikubadilika.

Mara tatu kwa dakika ni mara 180 kwa saa, yaani uniti 0.18 kila saa, ambazo kwa siku nzima ni zaidi ya uniti nne, na kwa mwezi zinakaribia 130. Uzito wa namba hiyo unaonekana ukiiweka kando ya bei zilizopangwa mwaka 2016. Mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350, na matumizi yake yakizoea kuvuka mpaka huo huhamishiwa daraja la T1, ambako uniti moja ni shilingi 292. Katika daftari la mama yule niliona kwa macho yangu ukurasa ambapo shilingi 1,000 iliacha kununua uniti nane na kuanza kununua uniti zisizofika tatu. Kwa hiyo hakuwa analipia umeme wa mtu mwingine tu, bali hata umeme wake mwenyewe alikuwa akiulipia kwa karibu mara tatu ya bei aliyostahili.

Nilipanda darini. Kwenye waya mkubwa unaotoka kwenye mita kwenda kwenye mein swichi, mtu alikuwa amemenya ganda, akasokotea nyaya mbili nyembamba na kuzifunga kwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kukauka tena mara nyingi hadi ikawa ngumu kama lami, na mbao ya kenchi iliyokuwa chini yake ilikuwa imeungua, alama nyeusi yenye upana wa kiganja changu. Nyaya zile hazikuwa na fyuzi wala saketi breka yoyote mbele yake. Zilipita juu ya ukuta na kushukia vyumba viwili vya kupanga vilivyojengwa mwaka jana katika kiwanja cha jirani. Vijana waliopanga humo hawakuwa wezi, kwa kuwa walikuwa wakimpa mwenye nyumba wao fedha za umeme kila mwezi pamoja na kodi ya chumba. Mwenye nyumba naye, mbele ya balozi wa nyumba kumi, alieleza kwamba fundi fulani alimuunganishia "kwa muda tu" wakati akisubiri mita yake. Fundi huyo hakuwa mfanyakazi wa shirika la umeme, TANESCO, wala hakuwa na leseni. Watu wa namna hiyo tunawaita vishoka, na sisi tunaoifanya kazi hii kwa uaminifu tunalibeba jina lao baya kila tunapogonga mlango wa mtu.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu nilichokifanya kwenye mita ile ndicho kinachofanywa, kwa vipimo vikubwa zaidi, katika gridi nzima: kupima kilichoingia, kupima kilichotumika kwa halali, kisha kuuliza tofauti imekwenda wapi. Si tofauti yote ni wizi. Umeme unaotoka Mtera au Kidatu na kufika kwetu kupitia kituo cha Zuzu hupoteza sehemu yake njiani kama joto ndani ya nyaya na transfoma, na upotevu huo hukokotoleka, kwani mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalopotea katika waya uleule huongezeka mara nne. Kinachobaki baada ya kutoa upotevu huo wa kiufundi ndicho cha kutiliwa shaka: waya uliotundikwa kwenye laini kinyemela, mita iliyochezewa, waya uliopitishwa nyuma ya mita ili sehemu ya matumizi isihesabiwe, au kasoro za kumbukumbu za ofisini. Kanuni hiyohiyo ya joto inaonyesha pia kwamba mwizi huongeza hata ule upotevu wa kiufundi, kwa kuwa mkondo wake unapita katika nyaya zilezile tunazozitumia sote.

Madhara ya kwanza huonekana kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) inaweza kutoa takriban amperi 144 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya zake tatu za moto, na wataalamu wa shirika huamua ukubwa wake kwa kuhesabu wateja wanaojulikana na nafasi ya wale watakaokuja. Mzigo wa wizi haumo katika hesabu hiyo. Jioni, watu wanapowasha majiko, pasi na televisheni kwa wakati mmoja, volti hushuka, taa zinafifia, friji za wafanyabiashara wadogo zinanguruma bila kuwaka, na transfoma inaendelea kupata joto hadi siku itakapoungua. Siku hiyo gizani huingia mtaa mzima, aliyelipa na asiyelipa.

Kwa sababu hiyo naamini kwa dhati kwamba ugunduzi wa wizi unapaswa kuanzia kwenye transfoma, kabla ya kufika mlangoni kwa mtu. Transfoma ikiwa na mita yake, na kila mteja akiwa ameorodheshwa chini ya transfoma inayomhudumia, unaweza kulinganisha uniti zilizotoka na uniti zilizonunuliwa. Katika mfumo wa LUKU ulinganisho wa siku moja haufai, maana mtu anaweza kununua uniti za miezi miwili kwa mkupuo, lakini ukichukua kipindi kirefu zaidi, tuseme robo mwaka, manunuzi na matumizi hukaribiana. Mtaa ambao hesabu yake inakubaliana huachwa kwa amani. Mtaa wenye pengo ndio unaokwenda kukaguliwa, nguzo kwa nguzo, kwa klampu mita, kile kifaa cha kubana waya na kusoma mkondo bila kuukata. Ukaguzi wa ghafla wa nyumba hadi nyumba bila hesabu hiyo huwanasa wachache na kuwadhalilisha wengi.

Siku hizi programu za kompyuta husaidia kuchambua mwenendo wa matumizi ya wateja mmoja mmoja. Watafiti wengi wa jambo hili hutumia takwimu zilizotolewa na shirika la gridi la taifa la China, zenye wateja 42,372 na siku 1,035 za matumizi kati ya mwaka 2014 na 2016, ambapo wateja 3,615 walitambuliwa kuwa wezi. Takwimu hizo zina fundisho linalosahaulika kirahisi: programu inayotangaza kwamba hakuna mwizi hata mmoja itakuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 91 ya wateja hao, na haitakuwa imemkamata yeyote. Ndiyo maana programu ya namna hii ipimwe kwa wezi iliowapata na kwa wasio na hatia iliowasingizia.

Hilo la kusingiziwa linanihangaisha sana kwa Dodoma yetu. Nyumba nyingi hapa zimepangishwa kwa wabunge, ambao hujaa mjini wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, kisha huondoka. Vyumba vilivyo karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma hubaki vitupu vyuo vinapofungwa. Programu iliyofundishwa na takwimu za mji mwingine itaona manunuzi ya uniti yakiporomoka Julai na kupiga kengele, wakati ukweli ni kwamba mpangaji amerudi jimboni kwake. Mtu anayeujua mji lazima aketi kando ya kompyuta hiyo.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kompyuta kubwa. Mita za mfumo wa tokeni zenye tarakimu 20, popote duniani, zilipaswa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ndiyo maana wengi wetu tulipewa makundi matatu ya tarakimu ya kuingiza. Mita ambayo haikuboreshwa haiwezi kupokea tokeni mpya. Basi nyumba ambayo mita yake haikuboreshwa hadi leo, haina sola wala jenereta, na taa zinawaka kila usiku, inastahili kutembelewa.

Kuhusu kuzuia, vifaa vipo na vinafanya kazi. Mita hufungwa juu ya nguzo na mteja akabaki ndani na kibodi kidogo cha kuingizia tokeni. Mita nyingi za kisasa hupima waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa pamoja na kuhesabu ule wenye mkondo mkubwa zaidi, na hukata umeme kifuniko chake kinapofunguliwa. Nyaya zilizosokotwa pamoja ndani ya ganda la plastiki hazitundikiki kirahisi kama nyaya zilizo uchi. Kule Delhi, kampuni iliyokabidhiwa kaskazini mwa jiji mwaka 2002 ilikuta upotevu wa asilimia 53, na kwa miaka ya kubadilisha mita, nyaya na usimamizi iliushusha chini ya asilimia 10.

Hata hivyo, vifaa pekee havitoshi pale mlinzi anaposhirikiana na mwizi. Mwaka 2010 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa tahadhari kuhusu mita za kidijitali huko Puerto Rico, ikiamini kwamba waliokuwa wakizichezea kwa malipo ni pamoja na watu waliowahi kufanya kazi kwa mtengenezaji wa mita zenyewe. Kishoka wa mtaani kwetu naye anajua kazi. Tatizo lake si ujinga wa umeme. Kwa hiyo kila sili ya mita iwe na namba, na kila namba iwe na jina la fundi aliyeifunga.

Kwa yule mama, nilikata nyaya zile na kubadilisha kipande cha waya kilichoungua, tena baada ya taarifa kutolewa na picha kupigwa, kwa maana Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inauhesabu wizi huo kuwa kosa na ushahidi wake haupaswi kuharibiwa. Tulishusha tena mein swichi, tukasimama wawili mbele ya mita kwa dakika tano, na taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Maombi ya kurudishwa daraja la D1 ameyapeleka mwenyewe, daftari mkononi. Mwenyekiti wa mtaa ameniomba niende na klampu mita kwenye mkutano ujao wa wakazi, niwaonyeshe namna ya kuihesabu taa ile, na nimekubali.