Meno ya Maji ya Chai

"Unavuta sigara, binti?"

Aliyeuliza alikuwa dereva wa basi mstaafu, miaka sitini na kitu, mkono wake nimeushika natafuta mshipa wa kuchoma sindano. Ilikuwa Edinburgh, Februari 2016, baridi ya kupasua midomo. Mzee alikuwa amenitania, nikacheka, nikasahau kuziba mdomo.

Nikamwambia sijawahi kuvuta. Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, karibu na mto uitwao Maji ya Chai, na maji ya kule yana floraidi nyingi mno. Mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanaota na madoa yake tayari. "Hayasuguliki," nikasema. "Nimejaribu mpaka mkaa."

Akatazama bomba la sindano lililovikwa ala ya madini ya risasi. "Na humo mna nini?"

Nikajikuta nasita. Mlikuwa na floraidi.

Si ile ya mtoni. Hii ilitengenezwa asubuhi hiyo kwenye saiklotroni, mtambo wa kutengeneza dawa za mionzi, ina mionzi, na nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Siku za kazi hiyo tulikimbizana kama wauza barafu jua la saa saba.

Hospitali zilianza kuitumia miaka ya 1960 kupiga picha za mifupa, maana floraidi na mfupa hawaachani. Kisha mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh na wenzao wakaonyesha kwamba inang'ang'ania pia chokaa changa inayoota ndani ya mishipa ya moyo: katika wagonjwa 40 waliotoka kupata shambulio la moyo, kwa 37 iliwaka zaidi palepale palipoleta shambulio. Kabla ya hapo watu walitegemea sukari yenye mionzi. Shingoni ilifaa sana: chembe za kinga zinazovamia mafuta ya mshipa ni walaji wa sukari, kwa hiyo penye uvimbe panawaka. Ila moyoni ni taabu, kwa sababu msuli wa moyo wenyewe ni mlafi. Ukiwaka wote, kamshipa kembamba utakaona wapi?

Nilimchoma, nikamfunika blanketi, nikatoka. Mgonjwa akishachomwa hukai naye karibu bila sababu, mnaongea mlangoni. Tukangoja saa nzima floraidi ijitafutie pa kukaa, ndipo akaingizwa kwenye mashine.

Wiki iliyofuata alirudi kupimwa moyo, na daktari akamruhusu aione picha yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yetu. Kwenye CT, picha ya eksirei inayoonyesha umbo la moyo na chokaa yake, mshipa wa kushoto ulikuwa na bonge la chokaa, jeupe pe, kama punje ya mchele. Mzee akaliwekea kidole. "Huyu ndiye aliyetaka kuniua."

Siye. Shambulio lake lilitokea mshipa wa kulia, ambako zaidi ya kijibomba cha chuma alichowekewa hapakuwa na chokaa ya kuhesabika. Daktari akalaza picha ya PET, inayoonyesha floraidi yenye mionzi ilipokaa, juu ya ile ya CT. Kulia pakawaka rangi ya kaa la moto. Lile bonge la kushoto likabaki giza.

Mzee akagoma. "Jiwe lote hili lisishike, vumbi lishike?"

Daktari akanigeukia mimi. Nadhani alikuwa amechoka tu, ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Nikamwambia habari za chujio la baba. Kwetu tulikuwa na ndoo ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama ile ya kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Maji yakipita humo, mkaa unanasa floraidi. (Ilifika kwetu meno yangu yameshaharibika, wakafaidi wadogo zangu.) Niliwahi kumuuliza baba kwa nini mifupa ile husagwa kwanza. Akanijibu, "Mwanangu, fupa zima maji yanalilamba nje tu."

Basi na chokaa ni hivyo hivyo. Bonge, floraidi inalilamba nje tu. Chokaa changa ni vipunje visivyohesabika, na kila kimoja kina mgongo wa kukaliwa. Ni vidogo kiasi kwamba CT haivioni, lakini ndivyo mwili unavyovimwaga pale panapoungua, kama mtu anayetupia mchanga kwenye moto. Bonge mara nyingi ni moto uliokwisha kuzimika.

Mzee akanyamaza. Kidole chake kikahamia nyuma ya moyo, kwenye uti wa mgongo, ambao wote ulikuwa unang'aa.

"Na wewe ukiingizwa mle, meno yako yatawaka hivi?"

"Mifupa ndiyo itakayowaka. Meno yameshashiba."

Akacheka, akacheka mpaka akajishika kifua, na daktari akaruka kutoka kitini.