Siku yangu moja chini ya mepo ya Kijapani

Saa 1 asubuhi. Bado giza, na nyasi zimefunikwa na barafu. Nanoa mkasi wa kupogolea, naupangusa kwa spiriti. Kuna ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni, na mepo (maple), mti wa mapambo, ni dhaifu mno kwake. Sitaki niwe mimi niliyeutembeza bustani hadi bustani.

Saa 3. Jua limeyeyusha barafu, naanza. Huu ni mwisho wa majira ya baridi: majani yamepukutika yote, mifupa ya mti iko wazi, macho, yale machipukizi madogo, hayajavimba. Wiki chache zijazo utomvu utapanda, na hapo mkasi huwa naupumzisha. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipogoa mepo wakati wa kuchipua. Kila jeraha lilichuruzika kama bomba bovu, mwenye mti akadhani nimeuua. Haukufa, lakini usingizi ulinipaa siku tatu. Siku hizi nikichelewa nangoja katikati ya kiangazi, majani yakishakomaa, na hapo nagusa matawi membamba tu.

Mwenye mti anatoka na kikombe mkononi. "Fundi, ukate kichwa. Dirisha halioni nje."

Namwambia kichwa hakikatwi. Ukiufyeka juu kwa usawa, kila kisiki kinarudisha fagio la maotea yanayokwenda juu wima, na baada ya misimu miwili dirisha limezibwa tena, safari hii kwa fujo. Nafuata tawi refu kurudi nyuma mpaka lilipogawanyika, nakata hapo, na mdogo wake anaendelea na safari. Mwenye mti anaguna, anarudi ndani.

Saa 5. Sasa ile mepo fupi, ambayo majani yake huwa yamechanika kama unyoya, iliyoinama kama mwavuli. Kwa hii mimi hulala chali. Kwa nje inapendeza, lakini ndani ni kiota cha ndege: vijiti vya kijivu vilivyokufa kwa kukosa mwanga. Nasukuma kimoja kwa kidole gumba. Kikavu kinavunjika, kizima kinapinda. Nikiwa na shaka nakwangua gome kwa ukucha. Nikiona ubichi, nakiacha. Takataka zinaniingia shingoni, na sijali. Saa nzima inapita hivyo, nje sijagusa kitu.

Halafu matawi yanayosuguana. Kati ya mawili naondoa lenye kidonda. Macho ya mepo huota mawili mawili, yakitazamana, kwa hiyo ukikata juu ya jozi unapata panda. Nisipoitaka panda, jicho moja nalibandua kwa kidole.

Saa 7. Nakula nimesimama, nikiuzunguka mti. Upande wa pili huwa na habari tofauti.

Saa 8. Chini ya pale mti ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa juu ya shina la mti mwingine, kuna chipukizi nene, limenyooka, gome lake kijani. Mti wenyewe ni mwekundu. Hili ni la shina lililobeba, na likiachwa litaumeza mti wa juu. Nalitoa mpaka lilikoanzia.

Saa 9. Tawi moja nene linaegemea ukuta. Msumeno kwanza kwa chini, kidogo tu, mbali na shina; kisha kwa juu, mbele zaidi, tawi lianguke bila kuchana gome. Kipande kilichobaki nakikata nje kidogo ya ule uvimbe unaolizunguka tawi pale linapotokea shinani. Uvimbe wenyewe siugusi, maana ndio unaofunga kidonda. Mwenye mti kaleta kopo la rangi ya kupaka kidonda. Nalipokea kwa adabu, naliweka chini, nalisahau hapo.

Saa 10 na nusu. Naona vitawi vitatu vingine vinavyonikera. Lakini nimeshaondoa karibu robo ya matawi, na zaidi ya hapo mti utajibu kwa maotea. Nafunga mkasi.

Mwenye mti anautazama mti, ananitazama mimi. "Mbona kama hujakata kitu?"

Namwonyesha toroli. Limejaa mpaka juu.