Mdundo wa Uani

Nilifika Leeds, Uingereza, mwaka 1978 kusomea mambo ya nguo, na kumbe mji ulikuwa unachemka. Panki, ule muziki wa roki wa kasi na fujo, ilikuwa imeshawatoa vijana woga. Sasa walitaka kujua muziki utafika wapi. Bendi ya Gang of Four walikuwa wa palepale chuoni, Mekons vilevile, tena hao Mekons walianza kwa kupigia vyombo vya kuazima. Gitaa la Andy Gill wa Gang of Four lilikata kama shoka, kisha likanyamaza, na katika ule ukimya besi ikapata pa kutembea. Mimi mtoto wa Mombasa, niliyelala nikisikia chakacha za harusi, ukimya ule niliuelewa papo hapo.

Nasi tukaunda bendi, tukawa wanne. Besi ya mtumba niliinunua pauni 40, pesa ya koti, na baridi ile niliipitisha kwa sweta mbili. Mazoezi tulifanyia chumba cha chini ya ardhi, kuta zinatoka maji. Mpiga dramu wetu alikuwa na mazoea ya kuhesabu kwa sauti, moja hadi nne, asipotee. Usiku mmoja, kaseti ikirekodi, nikaanza mwendo wa chakacha polepole kwa nyuzi mbili nene. Akahesabu, akahesabu, mara akaacha, akanifuata. Gitaa likatupisha. Mwimbaji akaingia na maneno aliyokuwa nayo mfukoni. Sijawahi tena kupiga muziki mtamu kama ule.

Mwaka 1980 tukachanga tutoe santuri wenyewe, kama bendi ya Buzzcocks wa Manchester walivyofanya 1977. Mwimbaji akaleta karatasi ya jalada. Mtunzi: jina lake, basi. Nilipomwuliza, akajibu kwamba wimbo ni maneno, besi inasindikiza tu. Nikawatazama wenzangu, wakainamisha macho.

Ingekuwa mdundo nimeubuni mwenyewe, labda ningeuacha upite. Lakini ulikuwa wa mama yangu, wa mashangazi na majirani waliofunga leso viunoni wakacheza uani mpaka alfajiri. Haukuwa wangu kumgawia mtu. Nikachomoa waya, nikaukunja, nikaweka ufunguo wa chumba juu ya amplifaya. Santuri haikutoka, na wanne hatukukutana tena chumba kimoja.

Kaseti ninayo. Sauti imefifia, ila bado unamsikia yule kijana akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, kisha ananyamaza.