Tulipopishana Katikati ya Uwanja

Vuli ya 2016, Abilene, Texas. Timu ya pili ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari yetu ilicheza siku za Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa usiku ni ya timu kubwa na mji mzima huhamia uwanjani. Mimi nilikuwa mpokeaji: nakimbia njia niliyopangiwa, nadaka mpira anaorusha kotabeki. Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, nikicheza soka tangu utotoni, na mpaka jioni ya Alhamisi moja futiboli ya Kimarekani niliiona kama gwaride tu. Simama hapa. Kimbia yadi 6. Kata kushoto.

Pasi aliyoipenda kocha kuliko zote ilikuwa meshi. Wapokeaji wawili huanzia pande mbili za uwanja, wakakimbia kuelekeana na kupishana katikati, kama yadi 6 mbele ya mstari wa kuanzia. Mazoezini alitutaka tugusane viganja tukipishana. Tukiachana hata hatua moja, tunarudia. Mlinzi anayenifuata mimi na yule anayemfuata mwenzangu hujikuta wanataka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mmoja lazima amkwepe mwingine, na hatua anayoipoteza hapo ndiyo inayomwacha mpokeaji huru. Kumkumba mlinzi kusudi ni faulo, lakini kupishana na mwenzako hakukatazwi. Wakati huohuo mpokeaji wa tatu anakwenda mbali kuelekea kona, na mkimbiaji aliyekuwa nyuma anachepuka pembeni, kwa hiyo walinzi hawawezi wote kujazana katikati.

Texas ya magharibi wanaujua vizuri ukoo wa pasi hiyo. Makocha Hal Mumme na Mike Leach waliichota kwenye mashambulizi ya LaVell Edwards, kocha wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, wakaijenga ndani ya Air Raid, mfumo wao wa kushambulia kwa pasi nyingi, walipokuwa chuo kidogo cha Iowa Wesleyan. Mwaka 2000 Leach akaja Chuo Kikuu cha Texas Tech, kule Lubbock, akafundisha hadi msimu wa 2009. Ninachokipenda mpaka leo katika mfumo wao ni uchache wake. Wapo makocha wenye vitabu vinene vya michoro. Hawa walichagua michache, wakairudia mpaka vijana wakaacha kuiwaza na kuanza kuwatazama walinzi.

Alhamisi hiyo, jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi 10, zimebaki yadi 4, kocha akaiita meshi. Nikaondoka. Tukagusana viganja. Hapo nikaona hakuna aliyenifuata: walinzi wa kati walikuwa wametulia kwenye maeneo yao, macho yote kwa kotabeki. Kocha alikwisha kutuambia, ukifuatwa usisimame, usipofuatwa tafuta uwazi usimame. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo. Jioni ile niliyaona kwa macho. Kati ya walinzi wawili palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, sawa na zile nilizokuwa nikizitafuta kwenye vumbi la Nyarugusu ili rafiki yangu anipenyezee pasi. Nikasimama, nikageuka. Mpira ulikuwa tayari hewani, unakuja kifuani. Kotabeki aliurusha kabla sijasimama, maana na yeye aliwaona walinzi walewale, akajua nitasimama pale.

Nilidaka, nikaangushwa papo hapo, yadi zikatosha. Watu walipiga makofi kidogo tu, lakini mimi nilitaka kupiga kelele. Mtu aliyeuchora mchezo ule miaka mingi kabla sijazaliwa alikuwa ameniachia uamuzi wa mwisho mimi mwenyewe.

Nyumbani nilimwaga maharage mezani nimwonyeshe Baba. Alikuwa beki zamani, na mchezo huu alikuwa akiuita wa kugongana. Nikayasogeza maharage: huyu mimi, huyu mwenzangu, hawa walinzi, huyu anakwenda kona. Alitazama kimya, kisha akalisukuma harage moja la ulinzi mpaka likabanana na langu.

"Na huyu akikujia?"

"Nyuma yake pamebaki wazi, Baba. Mwenzangu anapita hapo."

"Na beki wa pembeni akishuka kumzuia mwenzako?"

"Basi wa kona yuko peke yake."

Akavuta kiti karibu na meza. "Panga tena," akasema. "Safari hii mabeki nawapanga mimi."