Kumbukumbu ya mradi: ufa kwenye gurudumu la mzinga

Nimemaliza kuzipiga picha beji zangu za kofia za kikosi cha mizinga cha Uingereza, mbele na nyuma. Sasa nazipanga kwa umri, na hapa ndipo utamu ulipo.

Mchoro ni ule ule: mzinga, taji juu yake, na neno la Kilatini Ubique, yaani kila mahali. Taji husaidia kidogo. Lenye matao yaliyopanda kwa mviringo ni la wafalme, kuanzia Edward VII aliyeshika ufalme 1901; lililobonyea katikati ni la Elizabeth II, kuanzia 1953. Hiyo ni nusu karne, na vita vikuu viwili vimo humo humo! Mimi nataka kujua ipi ilitangulia ipi.

Kwa hilo naiendea chapa. Beji hizi ziligongwa: bamba la shaba liliwekwa kwenye chapa ya feleji iliyochongwa mchoro kinyume, likabanwa kwa mashine nzito. Feleji nayo huchoka. Ikipasuka, shaba huingia kwenye ufa, na kila beji itokayo hapo huwa na mstari ulioinuka. Ndiyo maana napitisha ukucha kwanza: mkwaruzo wa matumizi huzama, ufa wa chapa huinuka.

Beji yangu ya kwanza ina mstari mwembamba kama unywele kati ya spoku mbili za gurudumu, unaoishia nusu ya njia. Ile niliyoinunua Mombasa ina mstari huo huo, mahali pale pale, ila umefika hadi ukingoni. Chapa ni moja, na ya Mombasa iligongwa baadaye, kwa sababu ufa haurudi nyuma. Nimefurahi mno kuliona hilo kwa macho yangu.

Ya tatu ilinisumbua, maana nayo ina ule mstari. Nikaipeleka kwa sonara mmoja hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete nione." Akaigeuza kwenye mwanga. "Hii imemiminwa. Waona vitundu hivi? Na mgongo wake umejaa."

Beji iliyogongwa mgongo wake huwa na bonde pale penye mwinuko mbele. Aliyetengeneza kalibu kutokana na beji halisi alinakili hata ufa wake, lakini madini yakipoa husinyaa. Nimeipima kwa venia, kifaa cha kupimia vipimo vidogo: ni ndogo kuliko wenzake. Nimeitoa kwenye mpangilio wangu.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Baadhi ya chapa za zamani zilihifadhiwa, zikagonga tena beji za kuuzia wakusanyaji miaka mingi baadaye. Umri wa chapa basi si umri wa beji. Kwa hiyo nikishaona ufa, nakagua unene wa bamba na kishikizo cha nyuma, kama ni vipete viwili au ulimi bapa, na kama risasi ya kulehemu ni mpya mno.

Kinachobaki ni kupata mwaka. Natafuta beji ya chapa hii ambayo inajulikana mwenyewe alikuwa nani na alipewa lini. Ikiwa kwenu kuna moja, Shela, Malindi au popote, piga picha gurudumu kwa mwanga wa kutoka ubavuni, na mgongo pia, na tafadhali usiisugue kwanza.