Darubini ya gama ya majaribio: anza na vioo viwili

Ukitaka kuunda darubini ya miale ya gama, yaani mwanga wenye nguvu kubwa mno kutoka anga za mbali, huku Mbeya, jiulize kwanza: nitajuaje kwamba nilichonasa ni mwanga wa Cherenkov na si nyota, hitilafu ya umeme au baridi ya usiku? Umbo zima la kifaa cha kwanza linatokana na swali hilo.

Gama yenyewe haifiki ardhini. Inagonga hewa, na kwenye kimo cha kilomita 10 hivi inazaa manyunyu ya elektroni na positroni (pacha zao wenye chaji chanya) zinazokimbia kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya hewa. Hapo unatoka mwanga wa Cherenkov: mmweko wa buluu wa nanosekunde (bilioni moja ya sekunde) chache, unaotua kwenye duara la kipenyo cha mita 250 hivi. Mwaka 1952 kule Harwell, Uingereza, wanafizikia Galbraith na Jelley waliunasa kwa kioo cha sentimita 25 ndani ya pipa la taka. Kwa hiyo usihangaikie ukubwa. Hangaikia muda.

Chukua vioo viwili vya mbonyeo wa ndani, sentimita 50 vinatosha, vielekeze sehemu moja ya anga, kila kimoja na sensa yake ya silikoni inayogeuza mwanga kuwa pigo la umeme. Mmweko wa kweli utavigonga vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo hesabu tu mapigo yanayogongana, yaani yanayotokea pande zote mbili kwa pamoja. Vioo vya kawaida vyenye rangi ya fedha mgongoni havifai, kwa sababu mwanga hupita kwenye glasi mara mbili na urujuanimno mwingi unapotelea humo. Tafuta vilivyopakwa alumini usoni.

Anga la usiku peke yake litaigonga kila sensa bila kukoma. Tuseme kila upande unatoa mapigo 10,000 kwa sekunde, kila pigo lina upana wa nanosekunde 10. Yatakayogongana kwa bahati tu ni 2 kila sekunde. Pandisha kizingiti, yaani kimo cha chini cha pigo linalohesabiwa, mpaka yabaki 1,000 kila upande, na ya bahati yanashuka hadi moja kila sekunde 50. Sasa mmweko wa kweli una nafasi ya kujitokeza. Ila pima waya! Ishara hutumia nanosekunde 5 kwa kila mita ya koaksia, waya unaoileta kutoka kwenye sensa. Waya mmoja ukizidi mwenzake kwa mita 2, mapigo yanapishana kabisa, na utahangaika kufungua sensa ambazo ni nzima.

Kinachodanganya zaidi huku kwetu ni baridi. Kuna sensa ambazo volti yake ya kuanzia kazi hushuka milivolti 54 kwa kila nyuzijoto inayopungua. Jioni nyuzi 20, alfajiri ya Julai nyuzi 5: ziada uliyoiweka juu ya volti hiyo, volti 3, imefika 3.8, mapigo yameongezeka, nawe unadhani anga limechangamka. Bandika kipimajoto kando ya sensa na urekebishe volti usiku kucha.

Kisha ongeza mita 20 za waya upande mmoja tu, ili mapigo ya mmweko wa kweli yasikutane tena. Yatakayobaki ni ya bahati. Tofauti kati ya hesabu hii na ile ya mwanzo ndiyo Cherenkov.

Mwanga huo karibu wote utatokana na protoni za miale ya anga, yaani chembe zinazotoka anga za mbali, si gama. Kutenga gama kunahitaji kioo kikubwa na kamera ya vipande vingi: darubini ya Whipple ya Marekani, iliyothibitisha gama za Nebula ya Kaa (mabaki ya nyota iliyolipuka) mwaka 1989, ilikuwa na kioo cha mita 10. Na Kaa hukaa juu usiku wa manane mwezi Desemba, wakati wa mvua zetu. Ivizie Oktoba, saa kumi alfajiri, moshi wa mashamba ukiruhusu.